Simu Inamfikia Nani Kwanza

Mwaka 1878 njiwa walishuka katika misitu ya karibu na Petoskey, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Michigan nchini Marekani, wakajenga viota. Waliitwa njiwa wasafiri, kwa sababu hawakuwa na makao ya kudumu. Mwaka huu wangetaga hapa, mwakani wangetaga mamia ya kilomita kutoka hapa, wakifuata misitu ambayo mialoni na miti mingine ya kokwa imezaa vizuri. Wataalamu hukadiria kwamba Marekani Kaskazini iliwahi kuwa na mabilioni ya njiwa hao, na waliowaona wakipita waliandika kwamba kundi moja liliweza kulifunika jua.

Kuhamahama huko ndiko kulikokuwa ulinzi wao. Mwindaji wa kijijini aliweza kuua wengi siku walipomjia, lakini hakuweza kujua mwakani watakuwa wapi. Alikula, akawauzia majirani, njiwa wakaondoka, naye akabaki na hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Kilichobadilisha mambo ni vitu viwili vilivyofika karibu pamoja: reli na telegrafu. Njiwa walipotua mahali, mawakala wa mizigo na wafanyabiashara wa nyama walipeleka taarifa kwa waya. Siku chache baadaye watu ambao kazi yao ilikuwa kuwafuata njiwa walishuka kwenye treni wakiwa na nyavu mabegani. Waliouawa walipakiwa kwenye mapipa pamoja na barafu na kupelekwa mijini. Wengine walisafirishwa wakiwa hai ili wawe shabaha katika mashindano ya kulenga bunduki.

Sheria ilikuwepo. Jimbo la Michigan lilikuwa limekataza kuwasumbua njiwa karibu na viota vyao. Mtu mmoja wa mji wa Saginaw aitwaye H. B. Roney alifika Petoskey na wenzake kuisimamia sheria hiyo, kisha akaandika aliyoyaona. Walifanikiwa kuwatoza faini watu wachache tu. Watega nyavu walikuwa wengi kuliko walinzi, na walikuwa wametangulia kufika. Miaka 36 baadaye, tarehe 1 Septemba 1914, njiwa msafiri wa mwisho duniani, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Neno simu tulilipata kutoka Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Kabla halijawa jina la chombo cha kuzungumzia, lilikuwa jina la telegrafu na la taarifa iliyopita kwenye waya huo. Mzee wa Pwani aliyesema miaka mia iliyopita kwamba amepata simu alikuwa ameshika karatasi mkononi. Leo neno hilohilo linataja kitu kilicho mfukoni mwangu, chenye kamera na ramani ndani yake, kinachoweza kumwambia mtu wa Helsinki ni ndege gani ametua mjini kwetu kabla ndege huyo hajakunja mbawa. Bunduki na nyavu zilifanya kazi yake kule Michigan, na mashoka yakamaliza misitu, lakini simu ndiyo iliyoonyesha njia.

Nimeanza na Petoskey kwa sababu ya swali ambalo hurudi kila mara kwenye makundi ya watazamaji wa ndege ninayoyafuata. Mtu amemwona ndege adimu. Amempiga picha. Je, aweke mtandaoni mahali alipomwona, au anyamaze? Swali huwa kali zaidi katika nchi zenye msimu wa kuwinda, miezi ambayo sheria inaruhusu watu kuingia mabwawani na bunduki, maana miezi hiyo mara nyingi ndiyo ileile ambayo ndege wa kuhama wanapita. Wapo wanaosema tangaza: ndege ni wa wote, asiyejulikana hatetewi. Wapo wanaosema nyamaza: kila alama unayoweka kwenye ramani ni mwaliko, na hujui nani anaipokea.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, si wa elimu ya ndege. Ninachoweza kuchangia ni kutazama nyuma na kuuliza: habari za mahali alipo ndege zilipotangazwa huko nyuma, zilizaa nini? Jibu ninaloliona haliko upande wa kutangaza wala wa kunyamaza.

*

Ndege wa pili wa kumtazama ni korongo mweupe wa Marekani Kaskazini. Ana urefu wa mita moja na nusu akisimama, mwili mweupe, ncha nyeusi za mbawa, na kipara chekundu utosini. Sauti yake inasikika mbali sana, na jina lake la Kiingereza limetokana na kelele hiyo. Kila mwaka huruka takriban kilomita 4,000 kutoka kaskazini mwa Kanada hadi pwani ya Texas, na miezi ya kupita kwake kuelekea kusini ni Oktoba na Novemba. Hiyo ni miezi ya bunduki katika majimbo yote ya njiani.

Kuwindwa, kukaushwa kwa mabwawa ili yawe mashamba, na tamaa ya wakusanyaji wa mayai na ngozi za ndege vilimfikisha pabaya. Majira ya baridi ya mwaka 1941, kundi lote lililohamia Texas halikuzidi korongo 16. Ukiwapanga mstari mmoja, darasa la shule ya msingi ya kwetu lingewazidi mara tatu au nne.

Ulinzi wa kisheria ulikuwepo tangu zamani. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyoisemea Kanada, zilisaini mkataba wa kuwalinda ndege wanaohama, na mwaka 1918 Marekani ikautungia sheria. Mwaka 1937 ilitengwa hifadhi ya Aransas katika pwani ya Texas, pale korongo hao wanapokaa wakati wa baridi. Lakini hifadhi ni mahali pamoja na safari ni kilomita 4,000. Katikati kuna mashamba ya watu, mito, vidimbwi, na kila mwenye bunduki ambaye hajawahi kumwona ndege huyu wala kusikia habari zake. Utamlindaje ndege ambaye kila usiku analala mahali papya?

Jibu la miaka ya 1940 na 1950 lilikuwa kumtangaza. Mwaka 1945 shirika la Audubon na idara ya serikali ya wanyamapori walianza mradi wa pamoja, na mtafiti Robert Porter Allen akakabidhiwa kazi ya kuwafuata korongo hao. Allen hakujifungia kwenye maktaba. Alizunguka kwenye njia wanazopita, akazungumza na wakulima na wawindaji. Magazeti yakazoea kuchapisha kila mwaka idadi ya korongo waliofika Aransas, na wasomaji wa mbali, ambao hawangemwona ndege huyo maisha yao yote, wakawa wanaisubiri hesabu hiyo. Mwaka 1955 jeshi la anga la Marekani lilipopanga kufanya mazoezi ya mabomu ya mwanga jirani na hifadhi, kelele zilitoka hadi Kanada na mpango ukaachwa. Ndege wasiozidi wachache walikuwa wamelishinda jeshi, kwa sababu wanajulikana.

Hata hivyo tazama vizuri kilichotangazwa. Kilichotangazwa ni sura ya ndege, idadi yake, na majira ya kupita kwake, ili mwenye bunduki akimwona ajue asifyatue. Mahali pa kutagia palikuwa habari ya namna nyingine. Kwa miaka mingi hakuna mtafiti aliyepajua. Juni 1954 watu waliokuwa kwenye helikopta wakirudi kutoka kwenye moto wa msituni katika hifadhi ya Wood Buffalo, kaskazini mwa Kanada, waliwaona korongo weupe chini na kutoa taarifa. Mtu wa kwanza kuipokea kwa uzito alikuwa William Fuller, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi eneo hilo. Habari ilianzia kwa mtu mwenye kazi ya kulinda, kisha ndipo dunia ikaambiwa. Na pale penyewe palikuwa hapafikiki kwa treni. Allen na wenzake walitaabika sana kufika kwa miguu na mitumbwi mwaka uliofuata.

Leo kundi hilo lina korongo zaidi ya 500.

*

Utaratibu huo umeendelea, na katika jimbo la Kansas umekuwa kanuni ya kazi. Kuna hifadhi huko iitwayo Quivira, yenye mabwawa ya chumvi, ambayo korongo weupe hupenda kutua wakiwa safarini. Sehemu ya hifadhi hiyo huruhusiwa kuwindwa bata na mabata bukini kwa msimu. Lakini korongo weupe wakionekana ndani ya hifadhi, sehemu ya kuwindia hufungwa mpaka waondoke. Mwindaji aliyeamka saa tisa usiku na kuendesha gari saa tatu anakuta kibao, anageuza.

Hapo ndipo utaona kwamba kumwona ndege na kutoa habari kunaweza kuwa na nguvu ya serikali. Mtazamaji anayemwona korongo na kumwambia mtunza hifadhi ananyamazisha bunduki zote za eneo lile kwa siku nzima. Habari hiyohiyo, pamoja na ramani na mshale, ikiwekwa mtandaoni kabla ya kumfikia mtunza hifadhi, inaweza kuleta magari ya wapiga picha alfajiri. Korongo akishtuliwa na wapiga picha, anaruka na kwenda kutua kwenye shamba la jirani. Kanuni ya kufunga inaishia kwenye uzio wa hifadhi, na korongo hasomi ramani.

Nje ya uzio mambo yanaweza kuwa mabaya. Novemba 2004, katika jimbo hilohilo la Kansas, wawindaji waliokuwa na kibali cha kuwinda korongo wa kijivu, ambao ni wengi na wanawindwa kihalali, waliwapiga risasi korongo weupe wawili wakidhani ni wa kijivu. Wote wawili walikufa kwa majeraha. Leo Kansas humtaka mwindaji wa korongo wa kijivu ajibu mtihani wa kuwatofautisha ndege hao kabla ya kwenda porini, na saa ya kuanza kufyatua ni jua linapochomoza, si nusu saa kabla kama ilivyo kwa bata. Yaani watu walikaa wakajiuliza: ni habari gani ingemfaa mwindaji yule dakika moja kabla hajafyatua? Wakaipeleka kwake.

Ni rahisi kumfanya mwindaji kuwa adui wa hadithi hii, lakini historia haikubali. Tangu mwaka 1934 mwindaji wa ndege wa majini nchini Marekani hulazimika kununua stempu ya serikali kila mwaka, na fedha za stempu hizo zimenunua sehemu kubwa ya ardhi oevu inayoitwa hifadhi leo. Bwawa analosimama mtazamaji na darubini yake huenda limelipiwa na mtu mwenye bunduki. Wala si kila risasi iliyomwua korongo mweupe ilitoka kwa mwindaji wa msimu. Mwaka 2009, katika jimbo la Indiana, aliuawa jike ambaye alikuwa wa kwanza kulea kinda porini katika kundi jipya lililoanzishwa mashariki mwa nchi. Aliyehukumiwa kwa kosa hilo hakuwa akitafuta kitoweo. Mahakama ilimtoza faini ya dola 1.

*

Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell na Audubon walianzisha eBird, daftari la mtandaoni ambalo mtu yeyote duniani anaweza kuandika ndege aliowaona, mahali na saa. Limekuwa hazina kubwa, na sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani yake. Lakini waendeshaji wake walilazimika kujibu swali letu kwa njia ya vitendo. Kuna orodha ya ndege wanaohesabiwa kuwa hatarini wakijulikana walipo, akiwemo kasuku wa kijivu anayewindwa kwa ajili ya biashara. Ukimwandika ndege wa namna hiyo, kumbukumbu inatunzwa kamili kwa ajili ya watafiti, lakini umma unaonyeshwa mraba wenye upana wa kilomita 20 kwa 20 tu. Yupo humo ndani, mahali fulani, katika kilomita za mraba 400.

Ninaupenda mraba huo. Haujasema uongo wala haujanyamaza. Umeamua tu kwamba wapokeaji wa habari si sawa, na kwamba kila mmoja apewe kiasi kinachomfaa kwa kazi yake. Mtafiti anapata mahali, mtu wa kawaida anapata furaha ya kujua kwamba ndege yupo nchini, na mtega kasuku anapata kilomita za mraba 400 za kutembea.

Mraba huo una kasoro moja. Unamficha ndege kwa mtu wa mbali. Mtu wa karibu haumzuii chochote, maana yeye hakuhitaji simu kujua ndege yuko wapi. Anamsikia akiwa kitandani. Hapo ndipo hadithi ya tatu inapoingia, na hii inatufikia hadi nyumbani.

Katika jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, kuna bwawa la umeme liitwalo Doyang. Lilipojengwa, lilifunika mashamba mazuri ya bondeni ya watu wa kabila la Lotha, wakiwemo wa kijiji cha Pangti. Waliopoteza mashamba waligeukia uvuvi bwawani, wakanunua nyavu. Kila mwaka mwezi wa Oktoba na Novemba, kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya kozi asiyefika hata gramu 200, walikuja kulala kwa malaki kwenye miti ya kando ya bwawa hilo wakitokea Siberia na kaskazini mwa China. Watu wenye nyavu na wasio na mashamba walifanya ambalo wengi wangefanya. Nyavu za samaki zikapandishwa juu.

Mwaka 2012 watu wanne, mwandishi wa habari Bano Haralu pamoja na Ramki Sreenivasan, Shashank Dalvi na Rokohebi Kuotsu, walifika Doyang na kamera. Novemba mwaka huo walitoa mtandaoni video na maelezo: kozi wakinyonyolewa, wakibanikwa kwa moshi, wakibebwa mafungu mafungu kwenda sokoni. Makadirio yao yalikuwa kwamba kati ya kozi 120,000 na 140,000 walikuwa wakiuawa kila msimu katika eneo lile. Walitaja kijiji kwa jina, na walitangaza wakati msimu wenyewe bado unaendelea.

Kwa kanuni ya kunyamaza, hilo lilikuwa kosa. Lakini nani hasa angefichwa? Wawindaji wote wa Doyang walikuwa wanajua. Wanunuzi walikuwa wanajua. Wasiojua walikuwa ni wale tu ambao wangeweza kuzuia. Taarifa iliwekwa hadharani baada ya wakuu wa misitu na wa wilaya kuwa wamekwisha kutafutwa na kuelezwa, na katika siku chache maofisa walikuwa wanakamata nyavu na kuwaachia kozi waliokutwa hai. Mwaka uliofuata baraza la kijiji cha Pangti na la vijiji jirani yaliweka marufuku, viongozi wa makanisa wakasaidia kuisemea, na msimu wa 2013 ukapita bila nyavu kupandishwa.

*

Nilimwonyesha mjomba wangu video hiyo. Kwetu ni Kondoa, na mjomba ni mtega kwelea. Hiyo si siri wala si aibu. Kwelea wanamaliza mtama na uwele wa watu, serikali yenyewe huwanyunyizia dawa kutoka kwenye ndege, na kwelea wa kukaangwa ni kitoweo kinachouzwa hadharani. Aliitazama video yote bila kusema neno, akanirudishia simu.

"Wana nyavu nzuri," alisema. Kisha akauliza, "Na hao waliozishusha, wamepewa nini?"

Nikamwambia, mjomba, wageni wameanza kwenda kuwatazama kozi, nyumba nyingine zinapokea wageni wa kulipia, kijiji kimesifiwa.

"Sifa," akasema mjomba. "Sawa. Lakini shamba lilizamishwa na nani?"

Swali lake limenikaa kuliko makala nyingi nilizosoma. Video ile ilianza pale nyavu zilipoanza, kwa hiyo aliyekuwa anaonekana ni mvuvi peke yake. Mwenye bwawa hakuonekana. Nadhani hii ndiyo gharama ya kutangaza ambayo watazamaji wa ndege hatuizungumzii: tukiweka mtandaoni mahali alipo ndege, tunaweka mtandaoni pia watu wanaoishi mahali pale, na wao hawakuombwa ruhusa. Pangti ilijulikana duniani kwa jambo baya kabla ya dunia kujua kwamba kijiji hicho kipo. Kwamba wazee wake waliitikia kwa kufanya uamuzi mgumu, na kuusimamia wenyewe mwaka baada ya mwaka, ni heshima yao. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba wangeitikia hivyo.

Na bado nasema video ile ilistahili kutoka. Sababu ni ileile iliyowaponya korongo. Waliotoa habari walijua inakwenda kwa nani na wanamtaka afanye nini. Kulikuwa na ofisa wa kuchukua hatua, baraza la kijiji lenye mamlaka juu ya ardhi yake, na mtu kama Bano Haralu, mzaliwa wa Nagaland, aliyerudi kukaa na wanakijiji na kuzungumza nao baada ya kelele za mtandaoni kupoa. Ingekuwa kelele tu, msimu uliofuata nyavu zingepandishwa usiku.

Kwa hiyo, ukirudi nyuma na kuziweka hadithi hizi tatu pamoja, utaona kwamba kutangaza kulikuwepo katika zote. Petoskey habari ilimfikia kwanza mwenye soko, na njiwa wakaisha. Kansas inamfikia kwanza mwenye funguo za lango, na korongo wanapita. Doyang kwa miaka mingi ilikuwa inamfikia mnunuzi peke yake, mpaka watu wanne walipoipeleka kwa mwenye mamlaka. Tofauti haikuwa siri na uwazi. Ilikuwa ni nani aliyepokea kwanza, na kama alikuwa na wajibu wowote wa kuitikia.

Naona hili lingetusaidia katika mabishano yetu. Mtu aliyemwona ndege adimu asianze kwa kujiuliza kama atangaze. Ajiulize: kuna nani wa kumwambia kwanza? Kama kuna mtunza hifadhi, kikundi cha kijiji cha kulinda msitu, mwenye shamba, basi apate yeye, saa hiyohiyo, na mahali kamili. Wengine tunaweza kungoja wiki, au tukapewa wilaya tu bila bwawa. Picha nayo ichunguzwe, maana simu nyingi huandika mahali ndani ya picha yenyewe hata mpigaji asipoandika neno. Na kama hakuna hata mmoja wa kuambiwa, hilo ndilo jambo la kuhangaikia kabla ya kutafuta mtandao wenye kasi.

Novemba 2013, mwaka ule wa kwanza bila nyavu, wataalamu waliwafunga kozi watatu wa Doyang vifaa vya gramu 5 vya kuwasiliana na setilaiti. Wawili waliitwa Naga na Wokha, kwa jina la watu wa jimbo na la wilaya. Wa tatu akaitwa Pangti, kwa jina la kijiji. Kozi wa Amur huvuka India yote, kisha Bahari ya Arabia bila mahali pa kutua, hufika pwani ya Somalia na kushuka kupitia Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Huwasili kwetu na mvua za vuli. Huko Tsavo huonekana wakiwafukuzia kumbikumbi angani baada ya mvua kunyesha, wakati uleule ambao watoto wa vijijini nao wanawakusanya kumbikumbi hao kwenye beseni.

Ramani zao ziliwekwa wazi, kila mtu aone. Zilionyesha ndege alikopita, siku zikiwa zimekwisha kupita, na aliyezifuata kwa makini kuliko wote alikuwa ni mtu ambaye mwaka mmoja kabla angeweza kuwa na wavu mkononi. Kule Pangti watu waliuliza kozi wao amefika wapi.